Dawa za Kale za Vimelea na Tumaini Jipya Dhidi ya Bakteria Sugu

Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria ambao dawa zilishindwa kuwaua. Makadirio hayo, yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la The Lancet, yalionesha pia kwamba mzigo mzito zaidi umeziangukia nchi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara. Nyuma ya tarakimu hiyo wamo watoto wachanga walioambukizwa katika damu, akina mama ambao mishono yao ya upasuaji ilikataa kupona, na wazee waliougua nimonia isiyosikia dawa. Ndiyo maana tunaona ni vyema tutafakari pamoja juu ya jitihada moja ya wanasayansi ambayo wengi wetu hatujaisikia: kuzitumia dawa za zamani za minyoo na vimelea wengine katika vita dhidi ya bakteria sugu.

Usugu ni nini?

Mara nyingi husemwa kwamba mwili wa mgonjwa "umeizoea dawa". Sivyo. Mwenye usugu ni bakteria, si mwili wa mtu. Bakteria huzaliana upesi mno, na katika kuzaliana huko baadhi yao hutokea wakiwa na tabia mpya. Dawa inapoingia, huwaua walio dhaifu na kuwaacha wenye uwezo wa kuistahimili, nao huirithisha kinga hiyo kwa uzao wao, na hata kuwagawia bakteria wengine. Wapo wanaoivunja dawa kabla haijafanya kazi, na wapo wanaoisukuma nje kama mtu anayechota maji kutoka katika mtumbwi unaovuja. Wengine, kama E. coli, Klebsiella na Acinetobacter, wana utando wa ziada wa nje ambao dawa nyingi haziwezi kuupenya.

Kutengeneza kiuavijasumu kipya, yaani antibiotiki mpya, huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, na gharama yake ni kubwa. Tena dawa ya namna hiyo hutumika kwa siku chache tu, na ikiwa bora sana hutakiwa itunzwe kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi hazioni faida yake, na zimejitoa katika utafiti huo. Hapo ndipo wanasayansi walipoanza kujiuliza: je, katika kabati la dawa tulizo nazo tayari, hakuna inayoweza kutumwa kazi nyingine?

Mfano ambao tumekwisha kuumeza

Jambo hili si geni. Metronidazoli, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Flagyl, ilipoanza kutumika karibu na mwaka 1960 ilikuwa dawa ya kimelea kiitwacho trikomona, kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Mwaka 1962 daktari wa meno nchini Uingereza, D. L. S. Shinn, aliandika katika The Lancet kwamba mgonjwa aliyeitumia dawa hiyo kwa ajili ya trikomona alipata nafuu pia ya vidonda vya fizi. Fizi zile zilikuwa zimeshambuliwa na bakteria. Baadaye ikabainika kwamba metronidazoli huwaua bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Leo hutumika katika wodi za upasuaji na katika tiba ya vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria Helicobacter pylori.

Watafiti wa sasa wanaifuata njia hiyo kwa makusudi. Pentamidini ni dawa iliyotumika tangu miaka ya 1940 dhidi ya malale, hasa ile ya Afrika ya Kati na Magharibi, Kongo ikiwemo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walionesha kwamba pentamidini huutikisa ule utando wa nje wa bakteria. Kwa maneno mengine, hufungua mlango. Mlango ukishafunguka, dawa ambazo kwa kawaida huishia nje, kama rifampisini tunayoifahamu katika tiba ya kifua kikuu, huweza kuingia na kufanya kazi yake. Katika panya walioambukizwa Acinetobacter sugu, pentamidini iliyoambatanishwa na kiuavijasumu kingine ilileta matokeo mazuri.

Mfano mwingine ni niklosamidi, dawa ya tegu iliyoanza kutumiwa na binadamu katika miaka ya 1960. Humwangusha tegu kwa kuvuruga namna anavyojipatia nguvu. Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walionesha kwamba niklosamidi, pamoja na oksiklozanidi ambayo wafugaji huwanywesha ng'ombe wenye minyoo ya ini, huwadhibiti katika maabara bakteria wa Staphylococcus aureus waliokwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi. Hao ni bakteria wasababishao majipu, vidonda vyenye usaha na maambukizi hatari ya damu.

Tumaini si tiba

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, maana habari njema ikisikika nusu huweza kuua. Kinachofanya kazi katika kisahani cha maabara si lazima kifanye kazi katika mwili wa mtu. Niklosamidi humezwa lakini sehemu kubwa haiingii katika damu. Hubaki tumboni, na kwa tegu hiyo ni sifa, bali kwa bakteria aliye kwenye mapafu haisaidii. Pentamidini huweza kudhuru figo na kuharibu kiwango cha sukari mwilini. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba ivamektini, dawa ya usubi na matende ambayo jamii zetu nyingi zimegawiwa katika kampeni za kingatiba, iliwaua bakteria wa kifua kikuu katika maabara; lakini wanasayansi wengine wakaonya kwamba kiasi kilichohitajika kilizidi kile kinachopatikana katika damu kwa dozi ya kawaida.

Basi mtu asiende duka la dawa kununua dawa ya minyoo ili atibu kidonda, kikohozi au homa. Mwenye kifua kikuu aendelee na dawa alizopewa hadi mwisho. Utafiti huu bado uko mikononi mwa wataalamu, nao unahitaji majaribio kwa binadamu kabla haujatufikia zahanati.

Wajibu wetu

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba dawa ni zawadi ya Mungu itokayo katika ardhi, na mwenye busara haidharau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inaongeza kwamba afya tumekabidhiwa na Mungu, na kuitunza kunatudai kuzingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Kuidharau dawa si kukataa kuimeza tu. Kuimeza ovyo nako ni kuidharau. Nayo dhuluma hiyo haimpati mmezaji peke yake. Bakteria aliyejifunza usugu ndani yangu humhamia mtoto wa jirani yangu.

Metronidazoli yenyewe ni shahidi. Dawa ile iliyopata kazi ya pili kwa neema kubwa tumeifanya kuwa ya kila tumbo linalouma, bila kupimwa na bila kumaliza dozi, na leo Helicobacter pylori sugu kwa metronidazoli ni wengi sana barani Afrika. Dawa nyingine za kale zikija kupewa kazi mpya, nazo zitapotea kwa njia hiyo hiyo tusipobadilika.

Kwa hiyo tunawasihi waamini: tusimeze kiuavijasumu pasipo kuandikiwa na mganga, tusikitumie kwa mafua ambayo husababishwa na virusi, tusigawane vidonge vilivyobaki, na tunawe mikono, kwa kuwa ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa. Wanaouza dawa, pamoja na wahudumu wa zahanati na hospitali za Kanisa, wawe na ujasiri wa kumwambia mteja "hapana" pale dawa isipohitajika. Aidha, tuwaombee na kuwatia moyo vijana wetu wanaosomea tiba na famasia. Dawa hizi zilitumika kwanza dhidi ya malale na minyoo, magonjwa ya watu maskini. Ni haki kwamba zikipata kazi mpya, maskini wasiwe wa mwisho kunufaika nazo.