Birika la Firimbi: Tununue Lipi, na kwa Kazi Gani?



Siku hizi ukiingia dukani Bomet, Sotik au Kericho utaona mabirika yanayong'aa yamepangwa kwenye rafu, kila moja na firimbi yake mdomoni. Maji yakichemka, birika linalia. Vikundi vingi vya akina mama huchanga pesa kwa mzunguko, na kila mwanachama hununuliwa vyombo zamu yake ikifika. Sasa swali linaulizwa mikutanoni: je, tununuliane mabirika haya? Yana faida, au ni urembo wa kabati tu?

Jibu kwa ufupi ni hili. Birika la firimbi ni chombo kizuri cha kuchemshia maji. Si chombo cha kupikia chai ya maziwa. Kikundi kikielewa hilo kabla ya kutoa pesa, hakitajuta. Kisipoelewa, birika litatumika mwezi mmoja, halafu litawekwa juu ya kabati na watu warudie sufuria. Basi tuangalie jambo hili hatua kwa hatua.

1. FIRIMBI INASAIDIA NINI?

Firimbi yenyewe ni kitu kidogo. Ni vibati viwili vilivyo karibu karibu, kila kimoja na tundu katikati. Mvuke unapopita kwa nguvu katika matundu hayo, hewa inazunguka na kutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti tunayosikia. Watu walitumia chombo hiki miaka mingi bila kujua vizuri sauti inatokeaje. Ni mwaka 2013 ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa maelezo kamili.

Faida yake ni kwamba inakuita. Mama anakamua ng'ombe, au anamvisha mtoto nguo za shule, maji yako jikoni. Bila firimbi maji yanaendelea kutokota dakika kumi, kumi na tano, na hakuna anayejua. Wengi wetu tunafikiri hiyo si hasara kubwa, kwa sababu maji si yamechemka tu? Lakini kugeuza maji kuwa mvuke kunakula moto sana. Lita moja ikiachwa ikauke yote, joto litakalotumika kuikausha ni zaidi ya mara saba ya lile lililotumika kuichemsha. Hata robo lita tu ikipotea hewani, umechoma joto ambalo lingechemsha karibu lita mbili nyingine. Hizo ni kuni ulizobeba mgongoni, au makaa uliyonunua kwa mkebe, au gesi ya mtungi. Na maji yenyewe, kwetu Chebunyo ambako mvua ni chache kuliko kule juu kwenye majani chai, hayapatikani bila jasho.

2. KWA NINI TUSIPIKIE CHAI YA MAZIWA?

Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho katika miaka ya 1920, na leo hakuna nyumba huku kwetu isiyokunywa chai. Lakini chai yetu si ile ya mzungu ya kumimina maji juu ya majani. Sisi tunachanganya maji, maziwa, majani na sukari, tunachemsha pamoja. Ukitia mchanganyiko huo katika birika la firimbi, mambo matatu yatatokea.

Kwanza, maziwa hufura. Katika sufuria unayaona yakipanda na unapunguza moto. Ndani ya birika huoni kitu. Yatapanda na kutokea mdomoni, yaziba firimbi, yamwagike juu ya jiko. Kama ni jiko la gesi, yanaweza kuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Hiyo ni hatari kubwa.

Pili, utando wa maziwa na majani ya chai hushika ndani ya mdomo mwembamba ambao mkono haufiki. Unachacha hapo na kuwa makao ya vijidudu.

Tatu, firimbi ikishaziba hailii tena, na hapo umebaki na birika la kawaida ulilolinunua kwa bei ya juu.

Je, birika haliwezi kusaidia chai hata kidogo? Linaweza. Chemsha maji katika birika. Chemsha maziwa katika sufuria ndogo hadi yafure, kwa maana maziwa mabichi yanaweza kuleta magonjwa. Changanya, tia majani, funika dakika tatu hadi tano, kisha chuja. Majani mengi ya Kericho na Bomet hutengenezwa kwa mashine zinazoyakata na kuyaviringisha yawe punje ndogo, na punje hizo hutoa rangi na nguvu upesi. Hayahitaji kutokota nusu saa. Mwenye kupenda chai iliyopikwa pamoja na aendelee na sufuria yake, hakuna ubaya. Ila afunike wakati maji yanapashwa moto, kabla hajatia maziwa.

3. MAJI YA KUNYWA

Hapa ndipo birika hili linaweza kulinda afya ya nyumba. Wengi wetu tunatumia maji ya mto, ya bwawa au ya mvua. Taifodi na kuhara havitoki mbali.

Watu wengine huuliza: kule juu milimani maji huchemka upesi kabla hayajawa moto sana, je, vijidudu hufa? Ni kweli kwamba mahali pa juu maji huchemka kwa joto la chini. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kericho mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 93 hivi. Lakini joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kuhara. Kanuni rahisi ni hii: birika likilia, liache dakika moja zaidi, kisha epua. Wanaoishi juu ya mita 2,000 waache dakika tatu. Halafu maji yapoe yenyewe, yakiwa yamefunikwa.

Kumbuka mambo mawili. Maji yenye matope yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuchemsha. Na kuchemsha huua vijidudu tu. Hakuondoi dawa za shambani wala madini yaliyoyeyuka ndani ya maji.

Tuseme ukweli pia kuhusu kiasi. Nyumba ya watu sita ikinywa lita tisa kwa siku, birika la lita tatu litajazwa mara tatu au nne. Kwa maji mengi namna hiyo, sufuria kubwa yenye mfuniko ni nafuu zaidi. Birika litumike kwa maji ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, ya kujaza chupa ya chai, na ya kunywa katika nyumba ya watu wachache.

4. TAZAMA MOTO WAKO KWANZA

Kabla ya kuchagua birika, jiulize unapikia nini.

Mwenye jiko la gesi: birika la firimbi linamfaa sana. Achague lenye kitako kipana na bapa. Miali ya moto ikae chini ya kitako, isipande ubavuni, kwa sababu moto wa ubavuni hupotea bure na huunguza mkono wa birika.

Mwenye jiko la makaa: linafaa pia, mradi likae imara juu ya jiko, lisiyumbe.

Mwenye mafiga matatu: hapa tunashauri kungoja. Moto wa kuni hupanda pande zote, huyeyusha mkono wa plastiki na kuharibu firimbi. Pesa hizo zingesaidia zaidi kujenga jiko la kuni lililoboreshwa, ambalo litapunguza kuni na moshi kwa kila chakula, si kwa maji tu. Birika litakuja baadaye. Kwa sasa sufuria yenye mfuniko unaokaza itatosha.

5. MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

(a) Mfuniko. Ni lazima ukaze vizuri. Mvuke ukitokea kwenye mfuniko, firimbi haitalia. Tena tundu la mfuniko liwe pana kiasi cha mkono kuingia. Kuna mabirika yasiyo na mfuniko, yanajazwa kupitia mdomoni. Hayo huwezi kuyaosha ndani.

(b) Firimbi. Tazama vibati vyake. Visiwe vimepinda wala kulegea. Ile inayofunguliwa kwa kibonyezo mkononi ni salama kuliko ile ya kung'olewa kwa vidole.

(c) Mkono. Utikise. Kama unacheza dukani ukiwa mtupu, utang'oka ukiwa na maji ya moto. Misumari yake iwe imekaza.

(d) Ukubwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Birika la lita tano likijaa ni zaidi ya kilo tano, na nyanya wa miaka sabini atalimimina kwa shida. Lita mbili na nusu au tatu zinatosha nyumba nyingi.

(e) Chuma chake. Alumini ni nyepesi na hushika moto upesi, lakini hupinda kirahisi. Chuma kisichoshika kutu ni kizito kidogo na hudumu miaka mingi. Birika la enameli ni zuri, ila likigongwa rangi hubanduka na kutu huingia; likibanduka ndani, usilitumie tena. Jihadhari na vyombo vya alumini vizito na vyenye mikwaruzo vilivyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Uchunguzi uliofanywa Kameruni uligundua kwamba vyombo vya namna hiyo vinaweza kutoa madini ya risasi ndani ya chakula, na risasi hudhuru akili ya mtoto.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Lakini ghali nayo si lazima iwe bora. Maua yaliyochorwa ubavuni hayachemshi maji.

6. MVUKE UNAUNGUZA KULIKO MAJI

Usijaze hadi juu. Acha nafasi chini ya mdomo, la sivyo maji yataruka. Geuza mdomo utazame ukutani, si mahali watoto wanapopita. Epua kwanza, ngoja kelele itulie, ndipo ufungue firimbi. Watoto wafundishwe kwamba birika linapolia wamwite mkubwa, wasilikimbilie.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake samli, unga wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, au mgonjwa akiwa mtoto, mpeleke hospitali.

7. KULITUNZA

Usiache maji ndani usiku kucha. Mwaga, acha likauke mfuniko ukiwa wazi. Ukiona ukoko mweupe ndani, hasa mnaotumia maji ya kisima, si sumu, bali ni chokaa ya maji. Lakini huchelewesha kuchemka na kula moto wako. Tia maji na ndimu mbili au siki kidogo, chemsha, acha yapoe, kisha suuza. Kama ni la alumini usiache ndimu ikae muda mrefu, itakula chuma. Birika likikauka kwenye moto, epua na ulingoje lipoe lenyewe. Usilimwagie maji ya baridi.

8. KIKUNDI KINUNUE VIPI?

Msinunue thelathini kwa siku moja. Nunueni moja kwanza, mpeni mwanachama mmoja mwenye gesi na mmoja mwenye jiko la makaa, kila mmoja alitumie wiki mbili. Kabla ya hapo, kila mmoja ahesabu wiki moja: makaa mikebe mingapi, au mtungi wa gesi ulikaa siku ngapi. Baadaye mlinganishe. Katibu aandike kitabuni. Hesabu yenu wenyewe ni bora kuliko maneno ya mwenye duka, na ni bora kuliko gazeti hili pia.

Mkiridhika, ulizeni bei ya jumla katika maduka mawili au matatu, na mkubaliane na mwenye duka kwamba lisilolia litarudishwa. Chukueni risiti yenye jina la kikundi. Na msimlazimishe mwanachama. Yule anayepikia mafiga apewe nafasi ya kuchagua jiko kwa thamani ile ile, ili mzunguko umfaidi kila mmoja kadiri ya shida yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika nyumba zetu, ni nani hutafuta kuni na maji, na anatumia saa ngapi kwa wiki?
- Ni wangapi kati yetu huchemsha maji ya kunywa kila siku? Wasiochemsha wanazuiwa na nini?
- Kwa pesa tulizo nazo sasa, kitu gani kitapunguza mzigo wa mama kwanza: birika, jiko, au tangi la maji ya mvua?

Jibuni swali la mwisho kwa uaminifu kabla ya kwenda dukani.