Kimiminika cha Sumaku na Biashara ya Lenzi za Usahihi wa Juu

Kwa karne nyingi bei ya lenzi bora ilitegemea muda wa fundi aliyeisugua juu ya bamba la lami kwa unga laini na maji, akisimama kila mara kupima kabla ya kuendelea, na kwa kuwa ujuzi huo ulikaa mikononi mwake, kiwanda kilichompoteza kilipoteza pia sehemu ya mtaji wake. Ung'arishaji kwa kimiminika cha sumaku umeuhamishia mtaji huo kwenye mchanganyiko na hesabu.

Mbinu hii ilizaliwa Minsk, Belarus, katika miaka ya 1980, ambako William Kordonski na wenzake wa Taasisi ya Luikov walichunguza vimiminika vinavyokazwa na sumaku. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika ilihamia Rochester, New York, mji wa Kodak na wa mafundi wa vioo, na huko ndiko kampuni ya QED Technologies ilikoanzishwa mwaka 1996.

Kimiminika chenyewe, ambacho lita moja hivi hutosha kuzungushwa katika mashine, ni maji yenye chembe za chuma za mikroni chache pamoja na unga wa kusugulia, ambao kwa vioo kwa kawaida ni oksidi ya seriamu, na kwa nyenzo ngumu zaidi ni almasi iliyosagwa. Pampu hukimwaga juu ya gurudumu linalozunguka kikawa utepe, na utepe huo ukifika penye sumaku, chembe za chuma hujipanga mithili ya minyororo, mnato huongezeka maelfu ya mara ndani ya milisekunde, na unga, usiovutwa na sumaku, husukumwa juu hadi ugusane na lenzi. Ukishapita hapo utepe hulegea, hufyonzwa, hupozwa na kurudi kwenye mzunguko, hivi kwamba kifaa cha kusugulia hakichakai. Intaferometa, yaani chombo kinachopima umbo la uso kwa mawimbi ya mwanga, huchora ramani ya vilima na mabonde ya makumi ya nanomita, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita, na kompyuta hukokotoa muda wa kukaa kila mahali: penye kilima utepe hukawia, penye bonde hupita upesi.

Soko lake si la miwani wala la kamera za simu, ambazo lenzi zake nyingi ni plastiki ya kufinyangwa. Wateja ni watengenezaji wa darubini, wa mitambo ya semikondakta na wa leza kubwa, kama ile ya Livermore, California, yenye miali 192. Hata kwao mbinu hii huja mwishoni, kwa kuwa huondoa kioo polepole, huweza kuacha viwimbi vidogo, na gurudumu haliingii katika lenzi iliyobonyea mno.

Iliyoinunua QED mwaka 2006 ilikuwa kampuni ya Cabot Microelectronics, muuzaji wa vimiminika vya kung'arishia mabamba ya silikoni, na ununuzi huo unaeleweka: mashine huuzwa mara moja, kimiminika huisha na kuagizwa tena. Lakini malighafi nayo ina misukosuko yake. China ilipobana mauzo ya nje ya madini adimu mwaka 2010, bei ya seriamu, iliyo mojawapo ya madini hayo, ilipanda vibaya sana kabla ya kuporomoka, na leo ni ya chini kiasi kwamba mradi wa uchimbaji wa Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, ambao miamba yake ina seriamu tele, umepangwa kwa ajili ya madini adimu mengine, neodimiamu na praseodimiamu.