Madogo wa Ilomba wanafuga vipepeo, wadau msiwacheke

Leo siasa tuiache pembeni kidogo. Hapa mtaani kwetu Ilomba kuna madogo watatu wa shule ya msingi wanafuga vipepeo kwenye ndoo, kuanzia yai. Watu wanawaona wamechanganyikiwa. Mimi nimewafuatilia mwezi mzima na nawaambieni hawa wana akili.

Wanayemfuga ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Jike lake halitagi ovyo. Linatafuta majani machanga ya mlimao, mndimu au mchungwa na kuacha yai mojamoja, la njano hafifu, dogo kama kichwa cha pini. Manake kiwavi wake ukimpa mchicha au nyasi, atakufa njaa huku chakula kimemzunguka. Hapo ndipo wengi wanapofeli.

Siku za mwanzo kiwavi anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Janja hiyo, nani ale kinyesi? Akikua anageuka kijani kama jani. Ukimgusa anachomoa vipembe viwili vyekundu nyuma ya kichwa, vinanuka kweli, ila hawashi. (Wale wa manyoya ndio wanaowasha, hao achana nao.)

Vifaa ni vya kawaida tu. Kitawi kinawekwa kwenye chupa ya maji, mdomo unazibwa na pamba ili viwavi wasizame. Juu ya ndoo ni pazia kuukuu. Usiweke chandarua! Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, utawamaliza wote usiku mmoja. Kwa nini waanzie kwenye yai? Kwa sababu kiwavi wa nje mara nyingi ameshatagiwa na nyigu wadogo. Unasubiri kipepeo, anatoka nyigu.

Baadaye kiwavi anajifunga kwa uzi kwenye kijiti, anakuwa pupa. Kwenye joto ni kama wiki mbili au tatu, kwa baridi yetu ya Juni ongeza. Akitoka mabawa yamekunjamana, asiguswe mpaka yakauke, halafu anaachiwa aende zake.

Najua mnauliza hela iko wapi. Kule Amani, Muheza, wanakijiji walikuwa wanafuga vipepeo na kuuza pupa Ulaya na Marekani, kwa kuwa pupa hali wala hatembei, unamfunga kwenye pamba anapanda ndege. Machi 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje, wafugaji wale wakapoteza soko. Wenzetu Wakenya wana mradi wa Kipepeo pale Gede tangu 1993. Kwa hiyo madogo wasidanganywe na mtu kwamba watatajirika.

Sasa ishu yenyewe. Mwenye nyumba mmoja anataka kupiga dawa mlimao Jumamosi, kisa viwavi. Mche mdogo kweli wanaweza kuumaliza majani, lakini huu ni mti mkubwa, hautikisiki. Na majani ya viwavi kumi na mmoja walioko kwenye ndoo yanatoka mti huohuo. Mzee wangu, kama unasoma hapa, waite madogo wapande wawaokote kwa mkono. Watakuja bure, tena mbio.