Fundi na Mnyama Wake katika Hadithi za Kifaransa

Msomaji wa hadithi ndefu za Wafaransa za karne ya 19 hukutana mara nyingi na jambo ambalo kwanza laonekana dogo. Akisimuliwa habari za mchezaji, au mwimbaji, au mchoraji, si ajabu kuona kwamba mtu huyo ana mnyama kando yake: mbuzi, kima, mbwa, hata mbwa-mwitu. Watu hao wote twawaita hapa mafundi, maana kazi yao ni sanaa. Je, mnyama amewekwa hapo kuwa pambo tu? Sisi twadhani sivyo. Mnyama hajui sifa, wala hapigi makofi, wala hasomi magazeti. Basi jinsi fundi anavyomtendea wakati watazamaji wamekwisha kwenda zao ndiyo itujulishayo moyo wake. Jambo hilo twataka kulieleza kwa vitabu vinne, ambavyo mwalimu aweza kuvitumia pamoja na wanafunzi wake.

Kwanza tuondoe kosa moja. Sisi tuliozoea ngano za Sungura na Fisi, mara tusikiapo habari za mnyama twauliza, "Huyu ni mfano wa nani?" Swali hilo ni jema katika ngano, kwa kuwa mle mnyama hunena na kufanya hila kama mtu. Wafaransa nao wanazo hadithi za namna hiyo: visa vya mbweha Renart, vilivyoanza kuandikwa katika karne ya 12, na zile za La Fontaine, ambazo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1668. Lakini wanyama tutakaowataja hapa hawaneni. Wabaki kuwa wanyama tangu mwanzo hata mwisho, na maana ya hadithi yatoka katika matendo ya watu waliokaa nao.

Lugha yenyewe yasaidia kulifahamu jambo hili. Kifaransa kina maneno mawili pale ambapo Kiswahili chatosheka na moja. Mguu wa mtu ukanyagao chini huitwa pied, bali wa mbwa au wa paka ni patte. Kinywa cha mtu ni bouche, bali cha mbwa au cha mbwa-mwitu ni gueule. Na mtu akiambiwa ana gueule, ametukanwa. Farasi, kwa heshima aliyopewa tangu zamani, hutajwa kwa maneno ya mtu. Kiswahili chafanya kinyume: mguu ni mguu, kinywa ni kinywa, na katika sarufi twasema "mtu amekuja" na "mbwa amekuja" bila kuwatenga. Basi kwa Mfaransa mpaka kati ya mtu na mnyama umechorwa katika maneno ya kila siku, na mwandishi auvukapo mpaka huo, msomaji huona mara moja. Mwenye kutafsiri yampasa aangalie, asije akaupoteza mpaka huo pasipo kujua.

Kitabu cha kwanza ni Notre-Dame de Paris, alichokitoa Victor Hugo mwaka 1831. Mambo yake yatukia katika mji wa Paris mwaka 1482. Esmeralda ni msichana achezaye ngoma njiani kwa tari, na mbuzi wake, Djali, ana pembe na kwato zilizopakwa rangi ya dhahabu. Mbuzi hubisha tari kwa kwato kuonyesha saa, na kwa muda wa miezi miwili bibi yake amemfundisha kupanga vibao vya herufi hata viandike jina la askari ampendaye. Mchezo huo wampendeza kila mtu, mpaka siku Esmeralda aliposhitakiwa. Hapo mbuzi naye aletwa mbele ya mahakimu, afanya yale yale aliyofundishwa, na yaliyokuwa furaha ya njiani yageuka kuwa ushahidi wa uchawi. Msomaji asidhani kwamba Hugo amezua tu jambo la mnyama kushitakiwa. Wanyama walihukumiwa kweli katika Ufaransa ya zamani. Huko Falaise, mwaka 1386, nguruwe jike alinyongwa kwa hukumu ya baraza kwa kuwa aliua mtoto.

Lakini mwenye kupimwa hasa katika kisa hiki ni Gringoire, mtunga mashairi. Esmeralda alikwisha kumwokoa na kitanzi kwa kukubali kuolewa naye kwa jina tu. Mwisho, walipokuwa wakikimbia usiku, Gringoire aona kwamba hawezi kuwaokoa wote wawili. Amchukua mbuzi, amwacha msichana. Ndipo Hugo atufundisha jambo ambalo wengi hulisahau: kumpenda mnyama si dalili ya wema peke yake. Yawezekana mtu akampenda mbuzi kwa sababu mbuzi hamdai kitu kizito. Msomaji afurahi kwamba Djali amepona, na papo hapo aona haya kwa furaha yake.

Kitabu cha pili ni Manette Salomon, cha ndugu wawili, Edmond na Jules de Goncourt, cha mwaka 1867. Hiki chahusu wachoraji wa Paris. Chaanza katika Jardin des Plantes, yaani bustani kubwa ya serikali, ambayo tangu miaka ya 1793 na 1794 ina mahali pa kuwekea wanyama hai. Mafundi wa kweli walikwenda huko kujifunza: Barye, mchonga sanamu za simba na chui, aliwekwa mwaka 1854 kuwa mwalimu wa kuchora wanyama pale pale. Katika hadithi, Coriolis ni mchoraji mwenye kipawa kikubwa, na katika chumba chake cha kazi aishi kima aitwaye Vermillon. Rafiki yake Anatole ana mikono myepesi lakini hana bidii. Kazi yake ni mzaha na kuiga sauti za wanyama. Yeye ndiye awaye ndugu wa yule kima, na kima afapo, Anatole amwombolezea.

Mwisho wao watofautiana. Coriolis amwoa mwanamke aliyekuwa kielelezo chake, na sanaa yake yafifia kidogo kidogo. Anatole, ambaye hakuwa kitu, apata kazi ndogo katika bustani ile ile tuliyoiona mwanzo, akae kati ya wanyama kwa amani. Twapaswa kuonya kwamba waandishi hawa wamemtwika lawama yote yule mke, na kwa kuwa ni Myahudi wamemsema kwa chuki ambayo mwalimu asiinyamazie. Lakini swali lao juu ya mafundi lingali na nguvu: yupi aliyepotea, mwenye kipawa asiye na furaha, au mwenye furaha asiye na kazi iliyokamilika? Hawajibu, nasi hatuwajibii.

Katika mwaka 1869 Hugo alirudi kwenye jambo hili kwa kitabu L'Homme qui rit, ambacho mambo yake ni ya Uingereza. Ursus ni mzee atembeaye na gari lake, mganga, mtunga michezo, mwenye kunena kwa sauti nyingi. Hana mwenziwe ila mbwa-mwitu. Tazama majina: Ursus kwa Kilatini ni dubu, na yule mbwa-mwitu aitwa Homo, maana yake mtu. Hapo mpaka tuliousema umevukwa waziwazi. Ursus huwalaumu wanadamu kutwa, lakini usiku mmoja wa baridi mvulana aliyekatwa uso, aliyebeba mtoto mchanga kipofu, abisha mlangoni pake. Mzee anung'unika sana, kisha ampa mvulana chakula alichokuwa amejiwekea mwenyewe. Maneno yake ni ya dubu, tendo lake ni la mtu. Na katika mistari ya mwisho, watoto wale wakiisha kufa, mwenye kulia ni Homo, akiielekea bahari.

Kitabu cha nne walimu wetu watakipenda kuliko vyote: Sans famille, cha Hector Malot, cha mwaka 1878. Vitalis ni mzee Mwitaliani atembezaye mbwa watatu, Capi, Zerbino na Dolce, na kima Joli-Cœur avaaye nguo za jemadari. Amchukua pia mvulana Rémi. Wanyama awafundisha bila fimbo, wala haoni haya kusema kwamba wao nao wamemfundisha yeye saburi. Rémi amfundisha kusoma kwa vipande vya mbao vyenye herufi, na Capi ajifunza pamoja naye. Msomaji amkumbukaye Djali ataona kwamba mchezo ni ule ule, lakini safari hii hakuna hakimu, ni darasa.

Ndipo yaja majira ya theluji. Mbwa wawili waliwa na mbwa-mwitu, na kima apatwa na baridi kifuani. Vitalis hana fedha za kumtunza. Basi, mzee kama alivyo, asimama kuimba. Bibi mmoja aitambua sauti ile kuwa ya fundi hodari, ampa sarafu ya dhahabu. Zamani Vitalis alikuwa mwimbaji mkubwa wa Italia, akalificha jina lake sauti ilipomwishia. Sasa aifunua aibu yake kwa ajili ya kima. Naye arudipo na dhahabu mkononi, kima amekwisha kufa, amevaa nguo zake za jemadari. Hatujui mahali pengine ambapo tendo la fundi limepimwa kwa mizani ya haki kuliko hapo.

Watu wa siku zile walianza kuuliza maswali haya katika sheria pia. Tarehe 2 Julai 1850 Ufaransa ilitoa sheria iitwayo ya Grammont, iliyomtoza faranga 5 hata 15 mtu aliyemtesa mnyama wa kufugwa mbele ya watu, na kuweza kumfunga siku 1 hata 5. Na sheria ya tarehe 30 Novemba 2021 imeamuru kwamba kuanzia mwaka 2028 michezo ya kutembea isitumie tena wanyama wa mwitu. Mzee Ursus wa leo angetakiwa kumwacha Homo wake.

Basi, mwalimu asomapo visa hivi na wanafunzi, asiwaulize mnyama ni mfano wa nani. Awaulize: nani alikula kwanza, nani aliachwa nyuma, na fundi alifanya nini hapakuwa na mtu wa kumtazama. Mtoto aliyelelewa kwa ngano atajibu upesi kuliko tudhanivyo, na majibu ya watoto wawili hayatafanana.