Unga Mweupe, Jua na Maji ya Kisima

Wanachama wenzangu,

Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita alitujia mfanyabiashara mmoja na kopo la unga mweupe, akasema ukitiwa kisimani jua litasafisha maji yote, tena siku za mbele utatupatia moto wa kupikia bila ya kukata kuni. Wengine walicheka, na wengine walitaka fedha za Chama zitolewe siku ile ile. Kamati ilinitaka niyachungue maneno yale kisha niwaeleze. Nimeyachungua, na nimeona yamo ya kweli na yamo yaliyotiwa chumvi.

Unga wenyewe ni titani dioksaidi. Si kitu kigeni kwetu: ndio weupe wa rangi nyingi za mafuta tunazopaka milangoni, na mchanga wenye titani ulikuwa ukichimbwa kwa jirani zetu wa Kwale, pwani ya Kenya, hata kazi ikakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Aliyepata kupitisha mkono juu ya mlango mweupe uliopigwa na jua miaka mingi ameona mkono ukitoka na vumbi. Mara nyingi sababu ndiyo hii: titani ikipata jua huyala mafuta yanayoishika rangi. Watengenezaji rangi walitaabika nalo sana, ndipo wakawa wanaivika kila chembe ganda la kuizuia.

Yawaje ikala? Sisi waanika karafuu tumezoea kulihesabu jua kuwa ni joto. Hapa kazi si ya joto, ni ya mwanga. Mwanga ukiigonga chembe ya titani hung'oa elektroni, yaani punje ndogo mno ya umeme, ikaacha pengo mahali pake. Pengo lile lina njaa. Hunyakua elektroni kwa chochote kilicho karibu, yawe maji, uchafu au kijidudu cha maradhi. Ile iliyong'oka nayo huikimbilia oksijeni. Katika purukushani hiyo uchafu hukatikakatika na vijidudu hufa. Titani yenyewe haipungui. Ni kama mshenga: huwakutanisha watu, ndoa ikafungwa, naye akenda zake nyumba nyingine. Kitu cha namna hii wataalamu hukiita kichocheo.

Ama habari ya moto wa kupikia, asili yake ni Tokyo. Mwaka 1967 Akira Fujishima, aliyekuwa mwanafunzi wa Kenichi Honda, alitia kipande cha titani dioksaidi majini, akakimulika, akaona mapovu. Mwaka 1972 wawili hao walitangaza kuwa titani ikiungwa kwa waya na platini, oksijeni hutoka upande mmoja na haidrojini upande wa pili. Haidrojini huwaka, na ikiwaka hurudi kuwa maji, haina moshi. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipanda duniani, na watu wengi wakaikimbilia kazi hii.

Lakini titani hutumia mwanga wa urujuanimno tu, nao ni kadiri ya sehemu 5 katika 100 za nguvu ya jua. Mwaka 2021 Wajapani walieleza mtambo wao wa mita za mraba 100, wenye kichocheo kingine cha jamii hiyo. Ulifanya kazi miezi kadhaa, na ulipofanya vizuri kabisa, katika sehemu 1,000 za nguvu ya jua ulipata haidrojini isiyofika sehemu 8. Vibao vya umeme wa jua vilivyo juu ya mapaa yetu hupata kama 200. Zaidi ya hayo, gesi mbili hizo hutoka pamoja, na mchanganyiko wake hulipuka. Basi wataalamu waendelee. Sisi tusingoje kupikia.

Palipofaulu ni kwenye usafi. Tangu mwaka 2001 kampuni ya Pilkington huuza vioo vilivyopakwa utando wa titani. Jua hula uchafu na mvua huusukuma. Mjini Rome liko kanisa, lililofunguliwa 2003, ambalo saruji yake nyeupe imetiwa titani.

Na kisima? Kisimani jua halifiki chini, na maji yenye tope huzuia mwanga hata juu. Unga uliomwagwa majini sharti uchujwe tena, ndiyo sababu wanaoutumia huugandisha kwenye kioo au bomba. Na wenzetu wa visima vya karibu na pwani wajue hili: chumvi haiguswi hata kidogo. Chumvi si kitu cha kukatikakatika kama uchafu.

Kwa hiyo Kamati haikununua. Mwenye shida ya vijidudu na achemshe maji. Akikosa kuni, atie maji maangavu katika chupa safi ya plastiki nyeupe ya kuonyesha, isiyozidi lita 2, ailaze juani saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu. Mwanga wenyewe huua vijidudu bila ya unga wowote. Fedha zilizokuwa zikisemewa zimo katika hesabu ya Chama kama zilivyokuwa, na kopo liko ofisini kwa mwenyewe kuja kulichukua.

Katibu