Salfa Ipi? Istilahi za Kiswahili katika Majibu ya Vipimo vya Udongo

1.0 Utangulizi

Jibu la kipimo cha udongo huandikwa na mtaalamu wa maabara, hufafanuliwa na afisa ugani na hutekelezwa na mkulima. Neno moja likibeba dhana kadhaa katika mnyororo huo, kosa la istilahi huwa hasara ya mavuno. Makala haya yanachunguza neno salfa na kupendekeza namna ya kulipambanua.

2.0 Dhana tatu, neno moja

Dhana ya kwanza ni salfa jumla, yaani yote iliyomo udongoni. Katika udongo wa juu wa mashamba mengi, zaidi ya asilimia 90 ya salfa hiyo imo ndani ya mboji, na mmea hauwezi kuitumia hadi vijidudu viivunjevunje. Ya pili ni salfeti, umbo ambalo mizizi hulifyonza. Ya tatu ni salfa ya unga, ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huifahamu kama dawa ya ubwiriunga. Unga huo ukianguka chini, sharti bakteria, wakiwamo wa jenasi ya Thiobacillus, waugeuze kuwa salfeti, na mchakato huo huongeza tindikali udongoni. Mkulima aliyezoea kupulizia salfa akiambiwa kuwa shamba lake “halina salfa” ana haki ya kushangaa. Neno kongwe, kibiriti, halitatui tatizo, kwa kuwa leo wengi hulielewa kuwa ni kifaa cha kuwashia moto.

3.0 Tarakimu isiyo na jina

Utata huu hugusa pia hesabu. Kwa uzito, salfeti ni mara tatu ya salfa iliyomo ndani yake. Tuchukulie mfano wa jibu lililoandikwa “salfa: 12” kwa miligramu katika kilo moja ya udongo. Ikiwa kilichohesabiwa ni salfa iliyo katika salfeti, kiasi hicho kimepita kidogo kiwango cha takriban 10 ambacho mara nyingi huchukuliwa kuwa mpaka wa upungufu. Ikiwa kilichohesabiwa ni salfeti yenyewe, salfa ni 4 tu, na mmea una njaa.

Kiwango hicho nacho hutegemea kemikali iliyotumika kuitoa salfeti udongoni, kwa mfano kalsiamu fosfeti au kalsiamu kloridi. Kina pia kina uzito wake: salfeti huchukuliwa na maji ya mvua, hivyo sampuli ya sentimita 20 za juu yaweza kuonyesha upungufu ilhali akiba ipo chini, mahali ambapo mizizi mirefu huifikia.

4.0 Athari kwa ushauri na sera

Upungufu wa salfa huyafanya majani machanga yawe manjano kwanza, ilhali ule wa naitrojeni huanza na majani makuukuu. Anayeuchanganya upungufu huu na ule hupendekeza urea, ambayo haina salfa, badala ya SA yenye takriban asilimia 24 za salfa. Mkulima hulipa gharama, na njaa ya mmea hubaki.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba fomu za maabara zitenganishe salfa jumla, salfa ya salfeti na salfa ya unga, na kila tarakimu iambatane na kipimo, kemikali iliyotumika na kina cha sampuli. Mabaraza ya Kiswahili na taasisi za utafiti wa kilimo yaafikiane kuhusu istilahi hizo kabla ya fomu kuchapishwa, si baada ya mkulima kununua mbolea.