Joto la Bomba la Moshi: Haliangamizwi, Huhamishwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu kwa mwaka. Ifikapo mwezi wa Juni nyasi huanza kukauka, na hubaki hivyo hadi mvua za mwishoni mwa mwaka zitakapoanza. Katika kipindi hicho cha ukavu ndipo mavuno ya korosho huanza na magari huingia mashambani kuchukua mazao. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa miaka ya 1940 ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu wakati huo usafirishaji hutegemea barabara. Gari linapoacha barabara na kusimama juu ya nyasi kavu kando ya mikorosho, chini yake huwapo chuma chenye joto la kutosha kuziwasha nyasi hizo. Chuma hicho ni bomba la moshi.

Hatari hiyo huzidi pale mwenye gari anapoondoa sehemu ya bomba iliyowekwa na kiwanda na kuweka nyingine ili injini ipate nguvu zaidi. Ili kuelewa sababu, hapana budi kwanza kufahamu joto hilo linatoka wapi na linasafiri vipi.

JOTO LINATOKA WAPI?

Lita moja ya petroli inapoungua hutoa nishati ya jouli milioni 32 hivi. Injini ya gari haiwezi kuigeuza nishati hiyo yote kuwa mwendo. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja huzungusha magurudumu, theluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta na hewa inayoizunguka injini, na theluthi ya mwisho hutoka pamoja na moshi.

Tuchukue mfano wa gari linalotumia lita 10 kwa saa. Nishati yote inayotolewa ni jouli milioni 320 kwa saa, sawa na kilowati 89. Theluthi yake ni kilowati 30 hivi. Kwa maneno mengine, bomba la moshi la gari hilo hupitisha joto lingeloweza kutolewa na pasi 30 za umeme, kila moja ikiwa na nguvu ya kilowati moja. Injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, gesi zinazotoka kwenye silinda huweza kufikia nyuzi 700 hadi 900 za sentigredi.

KWA NINI MANIFODI HUBADILISHWA?

Moshi wa silinda zote hukusanywa kwanza na kipande kiitwacho manifodi, kilichofungwa ubavuni mwa injini. Katika magari mengi kipande hicho hutengenezwa kwa chuma kizito cha kusubu. Chuma hicho ni cha bei nafuu na huvumilia joto, lakini njia zake ni fupi, nazo zina kona kali. Moshi wa silinda moja hugongana na moshi wa silinda nyingine, na injini hulazimika kutumia sehemu ya nguvu zake kuusukuma nje.

Manifodi ya mabomba hutatua tatizo hilo. Kila silinda hupewa bomba lake, na mabomba yote huwa na urefu unaokaribiana kabla ya kukutana mahali pamoja. Moshi hutoka kwa mapigo. Urefu ukichaguliwa vizuri, pigo la silinda moja husaidia kuuvuta moshi wa silinda inayofuata, na injini hupumua kwa urahisi zaidi katika mwendo fulani.

Hamu ya kuongeza nguvu za gari la kawaida si ngeni katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 yalishindwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, kwa gari aina ya Peugeot 404, gari la familia ambalo watu wengi walilitumia kwa safari za kila siku.

Lakini nguvu inayoongezeka ina gharama yake. Kuta za manifodi ya mabomba ni nyembamba, mara nyingi milimita 1.5 hadi 2 tu, hivyo joto huzipenya upesi. Eneo la uso wake ni kubwa zaidi. Aidha, mabomba husambaa na kukaribia stata, nyaya, mipira ya petroli na mabomba ya breki. Jambo baya kuliko yote ni kwamba kinga ya bati iliyowekwa na kiwanda mara nyingi haiingii tena mahali pake, nayo hutupwa.

NJIA TATU ZA JOTO

Joto husafiri kwa njia tatu. Mpitisho ni kupita kwa joto ndani ya kitu kigumu, kama linavyotoka kwenye bomba kwenda kwenye boliti inayoligusa. Myuko ni kuchukuliwa kwa joto na hewa au kimiminiko kinachosogea. Mnururisho ni kusafiri kwa joto kama mwanga, bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Ndivyo joto la jua linavyotufikia.

Gari linapokwenda kasi katika barabara ya lami, upepo huchukua sehemu kubwa ya joto kwa myuko. Katika barabara ya mchanga au mlimani, gari huenda polepole kwa gia ndogo, injini hufanya kazi kubwa na upepo huwa mdogo. Hapo mnururisho hutawala.

Mnururisho hufuata kanuni kali: huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto linalopimwa kwa kelvini. Bomba lenye nyuzi 300 za sentigredi lina kelvini 573. Lenye nyuzi 600 lina kelvini 873. Mtu anaweza kudhani kwamba mnururisho wa pili ni mara mbili ya wa kwanza. Hesabu huonyesha vingine: 873 ikigawanywa kwa 573 ni 1.52, na kipeo cha nne cha namba hiyo ni 5.4. Mabomba manne yenye urefu wa sentimita 50 na kipenyo cha sentimita 4 yana eneo la robo ya mita mraba. Yakiwa na uso mweusi kabisa hutoa kilowati 1.5 kwenye nyuzi 300, lakini hutoa kilowati 8 kwenye nyuzi 600. Hapo chuma huweza kuonekana chekundu gizani.

Vitu vilivyo jirani haviwezi kustahimili hali hiyo. Mipira mingi ya kawaida huanza kukakamaa na kupasuka joto likizidi nyuzi 100 kwa muda mrefu. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kutoka hewani yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mafuta yaliyochemka huwa na mapovu, na dereva hukanyaga breki bila gari kusimama. Petroli inayovuja juu ya chuma chenye joto kali inaweza kuwaka bila cheche yoyote.

KUZUIA JOTO NA GHARAMA YAKE

Yafaa ikumbukwe kwamba joto haliangamizwi. Kila kinga hulihamishia mahali pengine, na fundi mwenye busara huuliza kwanza ni wapi.

Njia ya kwanza ni kuyafungia mabomba utepe wa nyuzi za kioo au za mwamba wa volkano. Joto hubaki ndani ya moshi na kutoka nyuma, na sehemu ya injini hupoa. Lakini chuma chenyewe hupata joto zaidi kuliko kilivyozoea, na huweza kupasuka. Utepe hushika maji, kutu ikala bomba bila kuonekana. Ukilowa oili inayovuja hugeuka kuwa utambi. Tepe za zamani za asbesto zisitumike kamwe, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani na maradhi mengine ya mapafu.

Njia ya pili ni mpako wa kauri, ambao haushiki maji wala oili. Hata hivyo ni ghali, na huhitaji karakana yenye vifaa maalumu.

Njia ya tatu ni kinga ya bati linalong'aa, lililowekwa mbali kidogo na bomba. Uso unaong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho, na hewa inayopita katikati huondoa kiasi kinachobaki. Bati la alumini lisiguse bomba, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa fundi wa Nachingwea au Ruangwa njia hii ndiyo rahisi kuliko zote, hasa ikiambatana na kuihamisha mipira na nyaya mbali na mabomba.

KINYWE CHA RUANGWA

Chuma hutanuka kikipata joto. Bomba la nusu mita la chuma kisichoshika kutu, likipashwa kwa nyuzi 600, hurefuka kwa milimita 5 hivi. Kwa hiyo maungio hunyooshwa na kubanwa kila injini inapowashwa na kuzimwa. Yakiachia, moshi wenye kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, unaweza kuingia wanamokaa abiria.

Gasketi nyingi za maungio hayo hutengenezwa kwa kinywe, madini yanayopatikana Chilalo na sehemu nyingine za wilaya ya Ruangwa. Kinywe ni kaboni iliyopangwa katika matabaka, kama ile iliyomo ndani ya penseli. Kikitiwa asidi na kupashwa joto ghafla, matabaka hufunguka na kuvimba mara mamia. Kisha hushindiliwa kuwa karatasi laini inayofuata umbo la chuma bila kupoteza uimara wake. Kwa kuwa kaboni huweza kuungua polepole hewani joto likizidi nyuzi 450 hivi, karatasi hiyo hufunikwa kwa bati la chuma pande zote mbili.

GARI NA NYASI

Magari mengi ya petroli yana pia chombo cha kusafishia moshi ambacho mafundi hukiita masega, kwa kuwa matundu yake hufanana na masega ya nyuki. Chombo hicho hufanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 800, nacho huweza kuwa sentimita chache tu juu ya nyasi. Nyasi kavu huanza kufuka kwenye nyuzi 250 hadi 300. Injini ikizimwa, upepo hukoma lakini chuma hubaki na joto lake kwa dakika nyingi. Kwa sababu hiyo gari lisimamishwe mahali palipofyekwa, nyasi zilizonasa chini yake ziondolewe, na kinga za bati zisiachwe karakana. Moto mmoja unaweza kuunguza mikorosho iliyotunzwa kwa miaka mingi.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi wachukue makopo mawili ya maziwa yaliyo sawa. Moja lipakwe masizi ya koroboi, la pili lisuguliwe hadi ling'ae. Yote yajazwe maji ya moto kwa kipimo kimoja na kufunikwa, kisha joto lipimwe kila baada ya dakika 2 kwa muda wa dakika 20 na kuchorewa grafu. Kopo jeusi litapoa haraka zaidi. Baadaye jaribio lirudiwe kwa kulifunga kopo jeusi blanketi zito.

Maswali: (1) Ni kopo lipi linalofanana na bomba lililofungwa utepe? (2) Joto ambalo blanketi limelizuia limebaki wapi? (3) Iwapo kopo hilo lingekuwa manifodi ya gari, ni sehemu ipi ya gari ingelipia gharama?